Kiti cha Heshima Nchini Mkabala

Mwenye haraka aondoke sasa, maana mimi nikianza sipendi mtu wa kuinuka katikati kwenda kuchungulia chungu. Mwenye kubisha naye abishe, lakini angoje nimalize. Nchi ninayoisimulia inaitwa Mkabala, nayo imo ndani ya jiwe dogo la kijivu, la kutosha kiganjani, lisilo na mng'aro wala umbo la kupendeza. Msiniulize mtu huingiaje ndani ya jiwe. Wamyuoni huingia, na hilo litutoshe.

Palikuwa na binti, jina lake Sikudhani, naye alikuwa Mmyuoni. Hao ni kabila la wasafiri wadogo mno, na umri wao ni mfupi kiasi kwamba Mmyuoni akipiga chafya, ukifungua kinywa kumwombea afya humkuti. Msiwahurumie, wenyewe hawajihurumii. Kwao maisha ni ziara ya nyumba moja: unaingia, unakaa, wenyeji wanakugeuza kadiri ya nguvu zao, kisha unaaga. Wote huzaliwa nyuso zikitazama walikotoka, na kwa hiyo husafiri kinyumenyume, wakicheka wanapojikwaa. Na mmoja akifika mwisho wake hutokwa na cheche, na aghalabu cheche hiyo huruka upande ule ule uso wake ulikokuwa ukitazama. Nje ya jiwe zimetundikwa kengele. Cheche ikiigonga kengele, walio nje hujua mgeni aliondoka akielekea wapi. Mmoja peke yake huweza kupepesuka akagonga kengele isiyo yake, lakini wakiondoka wengi, kengele hazidanganyi.

Aliyefanya Wamyuoni wahitajiwe ni Hakimu wa Sindano. Huyu alikuwa bwana mkubwa wa nje, kazi yake kuhukumu mawe. Hutundika sindano ya sumaku kando ya jiwe. Sindano ikicheza, hutangaza kwamba nchi ile ina watu wenye umoja, na jiwe hupewa nafasi rafuni. Isipocheza, nchi ni tupu, na jiwe hutiwa kwenye kinu cha kusaga kokoto. Jirani na Mkabala palikuwa na jiwe jeusi, nchi ya Welekeo, ambako sheria inamtaka kila mtu atazame mashariki, kuanzia waziri hadi mtoto wa mgongoni. Pale sindano ilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Hakimu aliwapenda sana Wawelekeo. Kwamba wezi huwaingilia kutoka magharibi na hawajapata kumwona hata mmoja, hilo halikumhusu, kwa sababu sindano haipimi wizi.

Alipoitundika kando ya Mkabala, sindano ililala fofofo. Akaikung'uta, akaisogeza huku na huku, ikalala. Akasema patupu, na akaamuru kinu kiwashwe.

Aliyemchelewesha ni Mzee Kombo. Mzee Kombo ni wa Wanyutroni, watu wazito, watulivu, wasio na upande: si wa chanya wala si wa hasi, na kwa hiyo hakuna ukuta unaowazuia wala mlinzi anayewauliza wametoka wapi. Hupita kati ya nchi ya watu bila kumkanyaga mtu mguu. Ila ndani ya kanzu kila mmoja amebeba kisindano chake, na kisindano hicho huhisi wenyeji wanatazama wapi, kikaipinda njia yake kidogo kidogo anavyokwenda. Msafara wake ulipopita Mkabala, wengi wao walitokea nje kwenye pembe moja ambako hakuna aliyewatazamia. Mzee Kombo akaeleza kwamba pembe ile haiji hivi hivi. Ukizitazama nyumba za Mkabala kwa kuta zake, zote ni moja baada ya moja, zinafanana. Lakini njia ya msafara ilipinda kana kwamba nyumba zile zinakwenda mbili mbili. Kuna jambo watu wale wanalifanya kwa jozi.

Hakimu akasema wazee wamepotea njia, basi. Hata hivyo sheria ya mawe ilitaka mashahidi wa makabila mawili, akakubali kwa shingo upande kumsikiliza wa pili. Kundi la Wamyuoni litaingia kutoka mashariki. Wakiondoka wamegeuzwa, atasikiliza. Wakiondoka kama walivyoingia, wanatazama mashariki walikotoka, jiwe liende kinuni na watu wake wote.

Mzee Kombo, aliyeingia tena kuwapa wenyeji habari ya kinu, alipishana na Sikudhani mlangoni, yeye anatoka, binti anaingia kinyumenyume.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi nimeuona mtaa wote, lakini siijui nyumba ya mtu hata moja. Wewe utaijua nyumba moja. Angalia unakaa wapi."

Sikudhani akaitikia, lakini hakumwelewa.

Sasa niwaambie Mkabala yenyewe. Ni nchi ya baridi, na baridi ndiyo inayowashikisha adabu; joto likipanda, kila mtu hugeukageuka ovyo na heshima yote huyeyuka. Sheria yao kuu ni moja: jirani yako akitazama mashariki, wewe tazama magharibi. Kila mlango uko kinyume cha mlango wa pili, kila baraza kinyume cha baraza la pili, hadi mpakani. Mgeni akiingia huona watu wamepeana visogo, akadhani nchi nzima imenuniana. Sikudhani naye alidhani hivyo. Kisha akamwona Bi Mize, mwanamke wa makamo aliyekuwa barazani kwake anasuka ukili wa mkeka, uso mashariki. Na ubavuni mwake Pandu, jirani yake, mchonga miiko, uso magharibi. Bila hata mmoja kugeuka, Pandu alikuwa anamwambia Bi Mize kwamba mbuzi wake ameingia tena shamba la watu, na Bi Mize anamwonya Pandu kwamba wakwe zake wanakuja na njaa, afunike chungu. Hawajapata kutazamana tangu waingie nyumba zile, na hapakuwa na jambo la mtaa lililowapita. Ubaya uje kutoka upande gani, usionwe na mmoja wao?

Habari ya kinu ilikuwa imewafikia, nao walikuwa wamekwisha kuitisha bunge. Bunge lao lina kanuni ambayo ningependa tuiazime, ila tungekesha. Mjumbe haruhusiwi kunena mpaka aketishwe mpinzani ubavuni mwake. Hoja isiyopingwa hutupwa, kwa kuwa haijaiva. Hoja iliyopingwa kwa dhati hupita, kwa kuwa imepikwa pande zote. Mtu akikosa mpinzani huazimwa, na wapo wanaume wazima wanaolea familia kwa kazi hiyo.

Mkuu wa nchi, Sheha Makame, mtu mnene mwenye moyo mweupe, alisimama akasema: kwa kuwa Hakimu anawapenda watu wa upande mmoja, nchi nzima itazame mashariki mpaka hukumu ipite, halafu kila mtu arudi alivyokuwa. Mpinzani wake akapinga hadi sauti ikamkauka, hoja ikapita. Ngoma ikapigwa. Waliokuwa wakitazama magharibi wakageuka mashariki kwa utiifu. Jirani zao, waliokuwa mashariki tangu mwanzo, wakaona wenzao wamewageukia upande wao. Utamwachaje jirani yako mgongo wazi? Wakageuka magharibi. Sheha mwenyewe alitoa amri akitazama mashariki, na mkewe ubavuni pake akageuka magharibi papo hapo asije akamtia mumewe aibu. Nchi nzima ilikuwa imegeuka, hakubaki hata mmoja, na mambo yalikuwa vile vile. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Halafu wakausikia mngurumo wa kinu kwa mbali, kicheko kikawakauka.

Basi tegemeo likabaki kwa wageni, na Sheha akaapa watapokewa kwa heshima isiyo na kasoro. Heshima ya Mkabala ni hii: mgeni asiegemee kwa yeyote. Huwekewa kiti katikati kabisa, kati ya baraza linalotazama mashariki na linalotazama magharibi, na katikati hiyo hupimwa kwa kamba, ili asitokee wa kusema mgeni alimpenda fulani. Uungwana mtupu. Na uungwana huo ndio nusura uwasage.

Sikudhani akapokewa kwa vigelegele, akapepewa, akasifiwa mpaka kwa usafi wa visigino. Akaketishwa. Akangoja kugeuzwa, maana Mmyuoni anaishi kwa hilo. Upande mmoja aliihisi nguvu ya Bi Mize inamvuta huku, upande wa pili nguvu ya Pandu inamvuta kule, zote sawa sawia, moja inakula nyingine. Hakugeuka hata unywele. Akabaki anatazama mashariki alikotoka, na alikotoka alikwisha kukuona.

Akachungulia nyua za wengine. Kila ua una mgeni wake, kila mgeni yuko katikati, ametulia tuli kama kigingi. Kisha mmoja akaaga, cheche yake ikaruka, na kengele ya mashariki ikalia. Akaaga wa pili: mashariki. Akaaga mwingine, na mwingine, na kengele ni ile ile. Mtaa wa Bi Mize uko mpakani, na ukutani pana ufa mwembamba upande wa magharibi. Pandu akachungulia, akasema kwa sauti ndogo kwamba Hakimu amelishika jiwe mkononi na anatembea nalo kuelekea kinuni.

Hapo ndipo neno la Mzee Kombo lilipomwingia Sikudhani. Akaona uchungu, wa nafsi yake kwanza, nisiwadanganye, kwa kuwa alikuwa na maisha hayo tu na yalikuwa yanakwisha kitini. Kisha akawaangalia wale wawili, na uchungu ukawa mkubwa zaidi. Watu hawa walikuwa na kila kitu Hakimu alichokitafuta, na walikuwa wamemkalisha shahidi wao mahali pekee nchini pasipoonekana kitu.

Akamwomba Bi Mize aje akae naye barazani, karibu kabisa.

Mikono ya Bi Mize ikasimama juu ya ukili. Hajapata kukaa na mgeni ubavuni, mama yake hajapata, bibi yake hajapata. Alitamani, ilionekana hata kisogoni. Lakini mgeni kuacha kiti cha heshima ni fedheha kwa nchi, na kwenda kwa Mize ni kumtukana Pandu. Sheha Makame, aliyekuwa akikagua nyua, alifika anahema, kilemba mkononi, akamsihi binti aketi alipo. Akasema upimaji wa kamba umefanywa na wazee watatu. Akasema wageni wa zamani wote walikaa katikati na hakuna aliyelalamika. Sikudhani akamjibu kwa upole kwamba hakuna aliyelalamika kwa kuwa hakuna aliyehisi kitu.

Sheha akaona hapa pana hoja, na hoja haisikilizwi bila mpinzani. Akatazama huku na huku apate wa kuazima. Wote walikuwa mitaa mingine wanawapinga watu wengine. Akaanza kusema kwamba basi hoja haijaiva, itupwe.

"Mimi nipo," akasema Pandu.

Akaweka mwiko wake chini, akajisogeza ubavuni mwa Sikudhani, uso magharibi kama sheria inavyotaka.

"Napinga," akasema. "Napinga kwa moyo wangu wote. Mgeni asiende kwa Mize. Nyumba yangu itaonekana haina baraka. Nitawasikia wakicheka nyuma yangu, na wivu utanikereketa. Watoto wangu watazomewa. Sheha, nakuomba ukatae, na nitakulaumu usipokataa." Machozi yalikuwa yanamtoka, ila mdomo umemwenda upande kwa kucheka. "Nimepinga vya kutosha, au niongeze?"

Sheha Makame hajapata kusikia hoja iliyopingwa vizuri namna ile, na mpinzani alikuwa ndiye hasa mwenye kuumia. Kwa sheria yake mwenyewe hakuwa na pa kutokea. Akavaa kilemba chake na kutangaza kwamba imepita.

Sikudhani akainuka kitini, akaenda kuketi kwenye pembe ya baraza la Bi Mize, bega kwa bega. Akageuka! Jamani, mtoto wa watu aligeuka. Uso uliokuwa mashariki tangu kuzaliwa ukaanza kuzunguka, polepole, kisha ukashika kasi moja isiyopungua, kama mwali anayechezwa unyago. Akauona uso wa Bi Mize, makunyanzi yake na kipini chake. Akakiona kisogo cha Pandu na vumbi la mbao shingoni mwake. Akauona ufa wa magharibi. Akarudi mashariki, akazunguka tena. Akacheka kicheko ambacho Wamyuoni hawakitoi mara nyingi, kwa kuwa si wengi wanaofika mahali pa kukitoa.

Wenzake wakamwona kwa kuchungulia juu ya kuta za nyua. Hakuna aliyengoja hoja nyingine. Wakaviacha viti, wengine wakaketi kwa watu wa mashariki, wengine kwa watu wa magharibi, na nchi ikawa ngoma. Waliokaa kwa akina Pandu walizunguka kushoto, waliokaa kwa akina Mize walizunguka kulia, lakini mwendo ulikuwa mmoja: wote wakifika mashariki pamoja, wote wakifika magharibi pamoja. Wenyeji wakapiga vigelegele bila kugeuka, kila mmoja kwa upande wake. Walioaga uso ukiwa magharibi, kengele ya magharibi ikalia. Walioaga ngoma ilipozunguka kurudi mashariki, ikalia ya mashariki. Magharibi, mashariki, magharibi. Sheha Makame alijikuta anatikisa bega, akatazama kama kuna anayemwona, na kwa nchi ile daima yuko anayekuona.

Pandu akasema kutoka ufani kwamba Hakimu amesimama. Jiwe lilikuwa juu ya mdomo wa kinu. Hakimu anasema hiyo ni bahati tu, kengele zinaweza kupokezana kwa bahati. Mzee Kombo naye yuko pale, anapigapiga paja kufuata mapigo, na amemwambia Hakimu: hii inayokuja ni magharibi. Ikilia mashariki, saga.

Waliobaki walikuwa wachache. Katika ua ule alibaki Sikudhani.

Akauhisi mwisho wake unakuja, bila maumivu, kama usingizi unavyomjia mtoto aliyecheza mchana kutwa. Akajua ataondokea upande ambao Bi Mize hauoni. Akamhisi Bi Mize shingo inamtetemeka kwa hamu ya kumtazama akienda. Na Bi Mize akigeuka, Pandu atageuka, na jirani wa Pandu atageuka, na ngoma yote itavurugika.

"Bi Mize," akasema, "naenda. Usigeuke."

"Sigeuki, mwanangu," akasema Bi Mize, na machozi yakamdondokea kwenye ukili. "Nenda ukicheza."

Uso wa Sikudhani ukazunguka mara ya mwisho, ukaipita mashariki, ukafika magharibi, na hapo akaondoka.

Bi Mize hakuona kitu. Mbele yake palikuwa na mashariki tu. Alisikia kengele, lakini kwa kulia kwake hakuweza kujua ni ipi. Kisha nchi nzima ikatikisika, vyungu vikagongana, Sheha Makame akakaa chini kwa kishindo, na mngurumo waliouzoea ukakoma.

"Pandu," akasema. "Niambie."

Pandu akamwambia. Cheche imepita ufani ikiwa nyeupe, imenyooka, haikupepesuka hata kidogo. Kengele ya magharibi ndiyo iliyolia. Mzee Kombo amekaa chini anacheka, ameshika kiuno. Hakimu amezima kinu kwa mkono wake, na sasa anawaeleza watu kwamba yeye tangu zamani alijua. Wanalipandisha jiwe rafuni, na limewekwa juu ya lile la Welekeo.

"Si hayo," akasema Bi Mize. "Yeye. Alikwendaje?"

"Alikwenda anacheka, Mize. Alinipita hapa sikioni anacheka."

"Sema tangu mwanzo. Usiruke kitu."

Pandu akakohoa, akaanza upya, tangu binti alipofika pembe ya baraza. Alikuwa bado hajafika mbali pale Bi Mize alipofuta macho kwa kiganja na kumshika mkono anyamaze. Mashariki, mwisho wa mtaa, kundi zima lilikuwa linaingia nchini kinyumenyume, likijikwaa na kucheka.

"Wanakuja wengine," akasema. "Toa mwiko wako hapo barazani, wapate pa kukaa."